Tupange mtandao wa reli kabla ya kuota kasi

Miongoni mwa hoja zinazopendwa na vyama vya mijadala katika shule zetu za sekondari, ile ya reli haikosi kujitokeza. Hoja huandikwa ubaoni kwa maneno machache: kwamba Kenya ijenge mtandao wa reli ya kasi. Wanaounga mkono huitaja Japani na Ufaransa. Wanaopinga huutaja mzigo wa madeni. Kengele hulia, kura hupigwa, na kila mmoja hurejea darasani na msimamo ule ule aliokuja nao. Si kosa la wanafunzi. Hata watu wazima, bungeni na katika majukwaa ya siasa, hulijadili suala hili kwa namna iyo hiyo, kana kwamba swali la pekee ni iwapo tunaitaka kasi au hatuitaki.

Dai la makala haya ni kwamba swali la kasi ni la mwisho, wala si la kwanza. Swali la kwanza ni la mtandao: reli iunganishe nani na nani, ikutane na chombo gani kingine cha usafiri, na saa ngapi. Na hakuna mahali panapofaa kulipimia swali hilo kuliko kaunti za Migori na Homa Bay, kwa sababu moja iliyo wazi: tangu garimoshi la kwanza litie moshi katika nchi hii, reli ya taifa haijapata kufika katika ardhi ya kaunti hizo mbili. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori watu 1,116,436. Jumla yao ni zaidi ya milioni 2.2. Mpango wowote unaojiita wa kitaifa hauna budi kuwa na jibu kwa watu hao, hata kama jibu lenyewe ni "ngojeni".

Tuanze na maneno, maana maneno yakikorogeka, fikra nazo hukorogeka. Hapa kwetu reli iliyozinduliwa mnamo 2017 huitwa "reli ya kisasa". Wengine huiita "reli ya kasi", na wengi hudhani majina hayo mawili yana maana moja. Hayana. Jina lake la kitaalamu linahusu upana tu, yaani nafasi iliyopo kati ya chuma kimoja na cha pili. Reli ya zamani, iliyojengwa na Waingereza, ina upana wa milimita 1,000. Hii mpya ina milimita 1,435. Upana huo hauna kasi ndani yake. Juu ya reli hiyo mpya, treni ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi iliundiwa mwendo wa takribani kilomita 120 kwa saa, na ya mizigo kilomita 80. Kule Queensland, Australia, treni za umeme zinakwenda kilomita 160 kwa saa juu ya reli yenye upana wa milimita 1,067 tu. Kwa hiyo anayesema kwamba tumekwisha kujenga reli ya kasi kwa kuwa tumejenga reli pana, amekitaja kipimo kimoja akakusudia kingine.

Katika istilahi ya wataalamu wa reli duniani, reli ya kasi ni ile mpya iliyojengwa kwa mwendo wa kilomita 250 kwa saa au zaidi, ama ile ya zamani iliyoboreshwa hadi kukaribia kilomita 200. Japani ilitangulia mnamo Oktoba 1964, kati ya Tokyo na Osaka. Ufaransa ikafuata mnamo 1981, kati ya Paris na Lyon. Katika bara letu Morocco ndiyo iliyotangulia, mnamo Novemba 2018, kwa treni ya kutoka Tangier hadi Casablanca ambayo katika sehemu ya safari yake hufikia kilomita 320 kwa saa. Hata reli ya umeme ya Tanzania, iliyoanza kuwachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma mnamo 2024, imeundwa kwa kilomita 160 kwa saa. Ni reli nzuri, lakini kwa kipimo hicho siyo ya kasi.

Kwa nini tofauti hii ina uzito? Kwa sababu mkazi wa Awendo au Oyugis anaposimama katika mkutano wa hadhara na kuuliza reli ya kisasa itamfikia lini, aghalabu haulizi habari ya kilomita 300 kwa saa. Anauliza ni lini atakapounganishwa. Yule anayemjibu kutoka jukwaani humwahidi kasi. Mmoja ameomba mlango, mwingine anamwahidi dari.

Historia inatufunza kwamba kuunganishwa huko si ndoto ya jana. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mnamo 1896, ukafika Nairobi mnamo 1899, na ukafika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu, mnamo Desemba 1901. Waliojenga reli ile hawakuwa na huruma na wenyeji, wala hatuna sababu ya kuwasifu kwa nia zao. Hata hivyo walielewa jambo moja tulilolisahau: kwamba reli inayoishia majini bila ya meli ni nusu ya kazi. Waliunda meli za ziwani zilizoshirikiana na garimoshi, na kwa miongo mingi meli hizo zikatia nanga katika gati za Kendu Bay na Homa Bay. Mtu wa Nyanza Kusini hakuwa na reli, lakini alikuwa na gati, na gati ile ilikuwa kiungo cha mtandao uliofika hadi Mombasa kwa upande mmoja na Mwanza na Port Bell kwa upande mwingine.

Matawi ya reli, kwa upande wake, yalielekezwa kwingineko. Thika ilipata lake, Nanyuki likafika, Nyahururu likafika, Kitale vilevile. Ukiitazama ramani hiyo utaona bayana kwamba matawi mengi yaliyafuata mashamba ya walowezi. Nyanza Kusini haikuwa na walowezi wa kuyavuta. Ziwa likabaki kuwa njia yake, na ziwa nalo likatupwa pole pole. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mnamo 1977, shirika la pamoja la reli lilikufa pamoja nayo. Kila nchi ikashika chake. Na magugu maji yalipoivamia Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990, huduma iliyokuwa ikisuasua ikazidi kudhoofika. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilikwisha kujengwa katika miaka ya 1970, na sukari yake ikategemea malori tangu siku ya kwanza.

Uhuru haukuibadili ramani hiyo, na hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa historia wanapaswa kulitafakari kwa makini. Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo, ulishauri kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe mahali zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la mapato: penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, na usafiri uliokwisha kuwapo. Aliyekuwa waziri wa mipango ya uchumi wakati huo ni Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, katika kaunti hii hii ya Homa Bay. Sisemi kwamba Mboya aliwasaliti watu wa kwao. Nchi ilikuwa changa, fedha zilikuwa haba, na hoja ya waraka ule ilikuwa na mantiki yake: otesha penye rutuba kwanza, kisha mavuno yagawanywe. Lakini mantiki hiyo, ikiachiwa iendelee bila ukomo, hugeuka mduara. Mahali pasipo na reli hapana shehena kubwa. Pasipo shehena kubwa hapastahili reli. Kwa hiyo reli hupelekwa pale pale ilipokuwa. Aliyenacho huongezewa, na asiyenacho huambiwa asubiri takwimu zake ziwe nzuri.

Basi tuje kwenye reli ya 2017. Mkopo wake mkubwa ulitiwa saini na Benki ya Exim ya Uchina mnamo 2014. Sehemu ya kwanza, ya takribani kilomita 470 kati ya Mombasa na Nairobi, iligharimu kiasi cha shilingi bilioni 327. Sehemu ya pili, ya kilomita 120 kutoka Nairobi hadi Suswa karibu na Naivasha, ilifunguliwa Oktoba 2019 kwa gharama ya takribani shilingi bilioni 150. Hapo ikakoma. Fedha za kuifikisha Kisumu na Malaba hazikupatikana wakati ule, na kwa muda mrefu reli hiyo ya mabilioni ikawa inaishia katika uwanda usio na mji mkubwa wala bandari, hata ikabidi kujengwa kipande cha kuiunganisha na ile reli ya zamani. Mwaka huo huo wa 2019 serikali iliagiza kwamba makasha ya Nairobi na kwingineko bara yasafirishwe kwa reli. Wenye malori na wafanyabiashara wa Mombasa wakalalamika kwamba riziki imewaondokea. Na mnamo 2022 utawala mpya ukaitengua amri hiyo. Kwa lugha nyingine, reli ilijengwa kwanza, kisha shehena ikatafutwa kwa amri.

Haya hayatajwi kwa kuwasimanga waliotangulia. Reli ile imewafaa abiria wengi wa kati ya Nairobi na Mombasa, na asiyekiri hivyo si mkweli. Yanatajwa kwa kuwa yanaonyesha kosa moja la kimsingi: tulipanga njia, hatukupanga mtandao. Njia huwa na mwanzo na mwisho. Mtandao huwa na vifundo, na nguvu yake imo katika vifundo hivyo. Mvuvi yeyote wa Mbita atakuambia kwamba wavu hausifiwi kwa urefu wa uzi wake. Husifiwa kwa mafundo yaliyoshika.

Mnamo 2025 serikali ilitangaza upya azma ya kuiendeleza reli kutoka Naivasha, kupitia Narok na Bomet, hadi Kisumu na kisha Malaba. Kipande cha kufika Kisumu kimekadiriwa kuwa na kilomita 262, na cha Kisumu hadi Malaba kilomita 107. Kwa upande wa pili wa mpaka, Uganda ilitia saini mnamo Oktoba 2024 mkataba na kampuni ya Kituruki wa kujenga reli ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala. Tanzania nayo inajenga yake kuelekea Mwanza. Upana wa reli zote hizo ni mmoja, jambo ambalo ni heri. Lakini za jirani zetu ni za umeme na yetu ilijengwa kwa vichwa vya treni vinavyotumia dizeli. Mambo ya namna hii ndiyo yanayopaswa kuamuliwa kabla ya sururu ya kwanza kupiga ardhi, wala si baada ya utepe kukatwa.

Sasa na tuipime kasi yenyewe kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Chukua safari ya kilomita 300. Treni iendayo kilomita 120 kwa saa bila kusimama itatumia saa mbili na nusu. Iendayo kilomita 160 itatumia takribani saa moja na dakika 53. Iendayo kilomita 250 itatumia saa moja na dakika 12. Tofauti kati ya hizi mbili za mwisho ni dakika 41. Dakika 41 si kitu cha kudharauliwa, lakini tuulize zinanunuliwa kwa bei gani. Treni ya kasi huhitaji njia isiyokuwa na kona kali. Kwa hiyo vilima vitobolewe na mabonde yajengewe madaraja, na atakayepita Bonde la Ufa na nyanda za Bomet na Sondu hakosi vilima. Nguvu inayohitajika kuisukuma hewa huongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe. Na treni hiyo haiwezi kusimama kila baada ya kilomita 20 au 30, kwa maana itakuwa inafunga breki kabla ya kuufikia mwendo iliojengewa. Kasi kubwa, kwa tabia yake, huipita miji midogo. Anayeitaka reli ya kilomita 250 kwa saa na wakati huo huo anataka isimame Sondu, Oyugis, Rongo, Awendo na Migori, anataka vitu viwili visivyokaa chungu kimoja.

Kisha dakika hizo 41 hupotea upesi mno. Reli ya 2017 ilipofunguliwa, stesheni zake kuu ziliwekwa Miritini na Syokimau, mbali na kitovu cha Mombasa na cha Nairobi, na abiria wakajikuta wakihangaika na matatu na teksi kumalizia safari. Yafaa nini treni kuruka kama mshale ikiwa abiria wake watasimama saa nzima juani wakingoja gari la kuwapeleka nyumbani?

Uswisi inatufaa hapa kuliko Japani. Ni nchi ndogo yenye milima, na wananchi wake waliitwa kupiga kura mnamo Desemba 1987 juu ya mpango wao wa reli. Msimamo wa wapangaji wao ulikuwa kwamba treni isiende kwa kasi yote inayowezekana, bali kwa kasi inayohitajika. Inayohitajika kwa lipi? Kwa ratiba. Walianza kwa kuamua kwamba treni zote zikutane katika stesheni kubwa karibu na saa kamili au nusu saa, abiria wabadilishe bila kungoja, kisha zitawanyike tena. Ili jambo hilo lifanikiwe, safari ya kutoka Zurich hadi Bern ilipaswa kuwa chini ya saa moja. Ndipo walipojenga kipande kipya cha kilomita 45 hivi cha kwenda kilomita 200 kwa saa, na ratiba mpya ikaanza Desemba 2004. Hawakujenga kasi nchi nzima. Waliijenga pale tu ratiba ilipoidai. Huko kasi ilizaliwa na ratiba. Hapa kwetu tunataka kasi izae ratiba.

Najua kuna watakaopinga, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Watasema kwamba taifa lisilothubutu halikui. Kwamba Japani yenyewe ilikopa kwa Benki ya Dunia ili kuijenga reli yake ya 1964. Kwamba tukijenga kidogo leo, wajukuu wetu watabomoa na kujenga upya kwa gharama maradufu. Hoja ya kwanza na ya pili zina ukweli nusu. Japani ilikopa, lakini ilikopa kwa ajili ya njia ambayo tayari ilikuwa imefurika abiria na mizigo hata reli ya zamani ikazidiwa, na reli hizo za zamani hazikutupwa. Ziliendelea kuwaleta abiria katika stesheni za treni mpya. Sisi tulipoijenga yetu, ile ya zamani tuliiacha izorote, hata treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ikatoweka kwa miaka kadhaa na kurejea tu mnamo Desemba 2021. Ama hoja ya tatu, ya wajukuu, ni ya kweli, na jibu lake lipo: tutenge ardhi pana, kona zipindwe kwa wasaa, madaraja yaachiwe nafasi ya nyaya za umeme, kisha treni ziende mwendo tunaoumudu. Atakayekuja baadaye na fedha ataongeza kasi bila kumhamisha mtu mara ya pili.

Kwa mintarafu ya Migori na Homa Bay, basi, ningependekeza mambo manne.

Mosi, ziwa lirejeshwe katika ramani ya reli. Kendu Bay, Homa Bay na Mbita ziko ufukoni. Karungu na Muhuru ziko upande wa Migori. Meli na vivuko vyenye ratiba inayofungamana na treni ya Kisumu vitawaunganisha watu wengi kwa fedha chache kuliko kilomita yoyote ya reli mpya. Treni ikifika, chombo kiwe kinangoja gatini; na chombo kikifika, treni isiwe imeondoka. Mvuvi wa mbuta na mchuuzi wa omena hawahitaji kilomita 300 kwa saa. Wanahitaji barafu, ghala la baridi gatini, na saa isiyobadilikabadilika.

Pili, tawi la kusini lichorwe sasa, hata kama halitajengwa sasa. Njia yake ya kimaumbile yajulikana kwa yeyote aliyeisafiri barabara kuu ya kusini: kutoka eneo la Sondu kuelekea Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo na Migori, hadi Isebania mpakani. Huko kuna miwa, mahindi, viazi vitamu vya Kabondo, tumbaku ya Kuria, na malori ya biashara ya Tanzania yanayopita usiku na mchana. Kwa miaka mingi Tanzania imekuwa na wazo la reli ya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma. Yafaa nchi hizi mbili zizungumze mapema, ili ramani zao zisije zikapishana umbali wa kilomita chache kama wageni wasioamkiana.

Tatu, kabla tawi hilo halijajengwa, liwepo kama basi. Hili si dhihaka. Mabasi yanayoondoka katika stesheni ya Kisumu, au ya Sondu siku itakapokuwapo, kwa tiketi moja na ratiba moja na treni, yataonyesha kwa hesabu halisi ni watu wangapi na mizigo kiasi gani vinavyosafiri. Hapo ule mduara wa 1965 utakatwa: hatutasema tena kwamba hakuna shehena kwa kuwa hatujawahi kuihesabu. Na ikiwa hesabu itaonyesha kwamba reli haistahili kwa miaka 20 ijayo, wananchi waambiwe hivyo kinagaubaga, na fedha ziende kwenye gati na barabara. Kupanga ni kuchagua, na anayechagua huacha kitu. Ahadi isiyotimizwa humkalia mkulima shingoni kuliko ukweli mchungu. Kuna anayeacha kupanda miti au kujenga nyumba akingoja reli isiyokuja.

Nne, na hili linaigusa taaluma yangu, mpango ujadiliwe kwa lugha ambazo watu wanazielewa. Mikataba ya mkopo wa reli iliyotiwa saini mnamo 2014 ilianza kuwekwa hadharani Novemba 2022, baada ya miaka minane, na ilikuwa kwa Kiingereza cha kisheria. Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na inaipa serikali wajibu wa kuzikuza lugha za wenyeji. Ibara ya 10 inautaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Mzee wa Nyatike hawezi kushirikishwa katika jambo asilolisoma. Muhtasari wa mpango, pamoja na ramani, gharama na majina ya vijiji vitakavyopitiwa, utolewe kwa Kiswahili, na uelezwe barazani kwa Kijaluo, Kikuria na Kisuba. Katika sehemu hizi boma si nyumba tu. Lina makaburi ya wazazi ndani yake. Anayeombwa kuhamisha kaburi la babaye hastahili kupewa fomu asiyoifahamu na kuambiwa atie dole gumba. Fidia na ilipwe kabla ya tingatinga kuwasili, wala isiwe baada.

Nimalizie kwa kuwageukia walimu na wanafunzi, kwa sababu mjadala huu ni wao kuliko unavyodhaniwa. Ibara ya 201 ya Katiba inaagiza kwamba mizigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa usawa kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Mkopo wa reli huchukua miaka mingi kulipwa. Mwanafunzi aliyeko kidato cha tatu leo atakuwa mlipa kodi kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Ana haki ya kuuliza, na ana wajibu wa kujua anachouliza.

Kwa hiyo, mwalimu, hoja itakaporudi tena katika chama chako cha mijadala, ibadilishe maneno. Badala ya kuuliza iwapo Kenya ijenge reli ya kasi, andika ubaoni: mpango wa reli wa taifa uanze na ratiba, wala si na mwendo. Au hivi: gati ya Homa Bay itengenezwe kabla ya kilomita moja ya reli mpya kujengwa. Wape wanafunzi wiki mbili. Wa Rongo waende njia panda wahesabu malori kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, waandike yalikotoka na yalichobeba. Wa Kendu Bay wawaulize wazee meli zilikuwa zikifika siku gani na kuondoka na nini. Wa Migori watafute bei ya kusafirisha gunia la mahindi hadi Nairobi. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya wazikusanye hesabu hizo, wazipange, na kuzipeleka katika mabunge ya kaunti.

Mjadala wa namna hiyo hautamalizika kwa kengele. Utazaa daftari zenye takwimu ambazo yamkini hazimo katika ofisi yoyote ya Nairobi, na siku mpangaji wa reli atakapofika Migori akiwa na ramani yake mkononi, atakuta watu wanaojua kuisoma na kumwonyesha kilichokosekana ndani yake.